Mshindi Hupangwa Kabla Boksi Halijafunguliwa

Mwanzoni mwa Oktoba 2023, katika mahakama ya shirikisho jijini Washington, mkuu wa Microsoft, Satya Nadella, alitoa ushahidi upande wa serikali ya Marekani katika kesi ya ukiritimba dhidi ya Google. Katika maelezo yake alisema jambo ambalo mfanyabiashara wa kawaida angeliona kuwa ni wazimu: kwamba alikuwa tayari kampuni yake ipate hasara ya hadi dola bilioni 15 kwa mwaka, ilimradi Apple ikubali kuiweka Bing ya Microsoft kwenye iPhone kama mtambo wa kutafutia ambao mnunuzi anaukuta tangu siku ya kwanza. Apple haikukubali. Ofisa wake anayesimamia huduma, Eddy Cue, aliiambia mahakama hiyo hiyo kwamba hakuna bei ambayo Microsoft ingeweza kuitaja ikawafanya wahame. Ni kweli kwamba Apple iliamini mtambo wa Google ni bora kuliko Bing, lakini kesi hiyo pia ilifichua kwamba mwaka 2022 peke yake Google iliilipa Apple takriban dola bilioni 20 ili mtambo wake ubaki pale ulipo, na kwamba Apple ilikuwa ikipata asilimia 36 ya mapato ya matangazo yanayotokana na utafutaji unaofanyika kwenye kivinjari chake cha Safari.

Wengi wetu tunaofuatilia ushindani wa kampuni hizi tumezoea kuuliza ipi ina programu bora: ramani za nani zinaonyesha njia vizuri zaidi, mfumo endeshi wa nani ni mwepesi, barua pepe ya nani haipotezi ujumbe. Ni maswali matamu kwa mabishano ya kijiweni, na ofisini pia, lakini hayaelezi kwa nini Google ilipe dola bilioni 20 kutetea kitu ambacho kila mtu anasema tayari ni bora. Maelezo yanapatikana tukihama kutoka kwenye ubora wa programu kwenda kwenye nafasi yake. Kinachogombewa na wakubwa hawa kwa zaidi ya miaka 25 sasa ni haki ya kuwapo kwenye kifaa kabla mwenye kifaa hajachagua chochote, na ubora, ingawa una kazi yake, mara nyingi huja baada ya nafasi hiyo kupatikana. Nadella mwenyewe alilieleza hilo kwa namna yake: mtambo unaotumiwa na wengi hujifunza kutokana na maswali ya hao wengi, hivyo aliyewekwa mbele leo ndiye atakayekuwa bora kesho, na aliyewekwa nyuma hana mahali pa kujifunzia.

Kuna kejeli kubwa katika shahidi huyo kuwa mkuu wa Microsoft, kwa sababu silaha hiyo ilinolewa na Microsoft yenyewe. Katikati ya miaka ya 1990, kivinjari cha Netscape ndicho kilichoongoza duniani. Microsoft ikaingiza Internet Explorer ndani ya Windows bila malipo, ikawabana watengenezaji wa kompyuta wasiiondoe, na baada ya miaka michache Netscape ilikuwa imekwisha. Mei 1998 serikali ya Marekani ilifungua kesi. Mwaka 2000 jaji akaamuru kampuni igawanywe vipande viwili. Mwaka 2001 mahakama ya rufani ikaifuta amri ya kuigawanya, ingawa ilikubali kwamba sheria ilivunjwa. Netscape haikufufuka kwa hukumu hiyo. Huo ndio mpangilio utakaojirudia katika kila sura ya hadithi hii: nafasi hunyakuliwa kwa miezi, sheria hujibu kwa miaka, na anayetetewa na sheria huwa ameshazikwa.

Afrika Mashariki nayo iliionja nguvu ya nafasi hiyo mapema, ingawa haikuandikwa sana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili, ya bure na iliyo wazi kwa yeyote kuirekebisha. Muda mfupi baadaye Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya Windows. Kwa hesabu ya kawaida ya soko, kitu cha bure, cha lugha ya watu na kilichotengenezwa na wenyeji kilipaswa angalau kushika ofisi za serikali na shule. Lakini kompyuta zilikuja na Windows, mafunzo ya kompyuta mitaani yalikuwa mafunzo ya Word na Excel, na nakala za magendo za Office zilikuwa nazo ni za bure kwa vitendo. Jambo OpenOffice haikushindwa na programu iliyoizidi kwa mbali, kwa sababu kwa kuandika barua ya kuomba likizo programu zote mbili zinatosha kabisa. Ilishindwa na ukweli kwamba ilihitaji mtu aamue kuitafuta.

Tuje sasa kwenye simu, ambako mchezo huu ulichezwa kwa ustadi zaidi. Google iliinunua Android mwaka 2005, Apple ikazindua iPhone mwaka 2007, na simu ya kwanza ya Android ikaingia sokoni mwaka 2008. Microsoft wakati huo haikuwa mgeni: ilikuwa na Windows Mobile kwa miaka kadhaa, na mkuu wake wa wakati huo, Steve Ballmer, aliicheka iPhone hadharani kwa bei yake na kwa kukosa kwake vitufe. Kicheko hicho kimesimuliwa mno, nami naona kinatupotosha, kwa sababu kinafanya kushindwa kwa Microsoft kuonekane ni kosa la kutoona mbali. Kosa la maana zaidi lilikuwa la kibiashara. Microsoft ilikuwa imezoea kumtoza mtengenezaji wa kifaa ada ya leseni kwa kila kifaa, mtindo ulioitajirisha kwenye kompyuta, na ikauendeleza kwenye simu. Google haikutoza kitu.

Haikutoza pesa, lakini haikutoa bure. Anayejua namna kampuni za soda zinavyompa mwenye duka friji ataelewa mara moja: friji hailipiwi hata senti, ila ndani yake visiwekwe vinywaji vya mpinzani, na chupa za mwenye friji zipangwe usawa wa macho. Android yenyewe ni msimbo ulio wazi ambao yeyote anaweza kuuchukua, lakini duka la Google Play, Ramani, YouTube na Gmail si sehemu ya msimbo huo, na simu isiyo na vitu hivyo huuzwa kwa taabu karibu kote nje ya China. Ili mtengenezaji avipate, alipaswa kusaini mikataba iliyomtaka aweke programu za Google kwa mkupuo, mtambo wa kutafutia na kivinjari vikiwamo, na asiuze kifaa chochote chenye toleo la Android ambalo Google haikuliidhinisha. Septemba 2012 kampuni ya Acer ilikuwa karibu kuzindua simu yenye mfumo wa Aliyun wa Alibaba, kampuni kubwa ya China, mfumo ambao Google iliuhesabu kuwa ni Android iliyochakachuliwa. Uzinduzi ukafutwa dakika za mwisho, na Alibaba ikasema wazi kwamba Acer ilitishiwa. Simu ile haikupata hata nafasi ya kushindwa sokoni.

Katika mazingira hayo ndipo Windows Phone ilipoingia, Oktoba 2010, ikiwa imechelewa miaka mitatu nyuma ya iPhone. Nimewahi kuwasikia mafundi simu, watu wasio na mapenzi na kampuni yoyote, wakiisifu kuwa ilikuwa nyepesi kwenye simu za bei ya chini kuliko Android ya wakati ule, na nadhani walikuwa sahihi. Februari 2011 Nokia, ambayo wakati huo ilikuwa ndiyo simu yenyewe kwa mamilioni ya watu wa ukanda huu, iliamua chini ya Stephen Elop, aliyetoka Microsoft miezi michache kabla, kuiacha Symbian, mfumo endeshi wake wa zamani, na kuikumbatia Windows Phone. Mwaka 2013 Microsoft na Huawei zikaleta simu ya Windows iliyopewa jina la 4Afrika katika nchi saba za bara hili, Kenya ikiwa mojawapo. Septemba mwaka huo huo Microsoft ikatangaza kwamba inanunua biashara ya simu ya Nokia kwa takriban dola bilioni 7.2. Mfumo mzuri, jina linalopendwa, fedha nyingi: karata zote zilikuwa mezani.

Lakini Nairobi, simu iliyoifungulia Android mlango ilikuwa imeshafika kabla. Ilikuwa ni IDEOS ya Huawei, iliyouzwa na Safaricom kuanzia karibu na mwanzo wa 2011 kwa takriban shilingi 8,000 za Kenya, bei ambayo mtengenezaji anayelipa ada ya mfumo endeshi angepata shida kuifikia. Microsoft ilikuja kuifuta ada ya leseni kwa simu na tabuleti ndogo Aprili 2014, miaka mitatu baadaye, wakati watengenezaji walikuwa wameshajenga viwanda, mafundi na mazoea yao juu ya Android, na watumiaji wameshajaza simu zao programu walizozizoea.

Na hapo ndipo uadui wa wakubwa ulipoonekana bila pazia. Mfumo mpya wa simu huhitaji programu ambazo watu wanazitumia kila siku, na baadhi ya programu hizo zilikuwa mikononi mwa mpinzani. Google haikutengeneza YouTube ya Windows Phone iliyo kamili. Mei 2013 Microsoft ikajitengenezea yake. Google ikaiamuru iiondoe, kwa hoja kwamba ilificha matangazo na kuruhusu kupakua video, hoja ambazo kwa haki zilikuwa na msingi. Microsoft ikarekebisha na kuirudisha Agosti, na Google ikaizuia tena, safari hii kwa hoja kwamba haikujengwa kwa teknolojia inayotakiwa, ingawa programu za Google zenyewe kwenye iPhone na Android hazikujengwa hivyo. Instagram ilichelewa hadi Novemba 2013. Snapchat haikuja kabisa. Mtengenezaji mdogo wa programu aliangalia idadi ya watumiaji akaona hailipi kuwafuata huko; mnunuzi akaangalia programu akaona hazipo; kila mmoja alikuwa na sababu ya kumsubiri mwenzake, na Google ilihitaji tu kuhakikisha kwamba kusubiri huko hakukomi.

Mwaka 2015 Microsoft iliandika hasara ya dola bilioni 7.6 kwa ununuzi wa Nokia na kutangaza kupunguza wafanyakazi 7,800, wengi wao wa kitengo cha simu. Kwa mtumiaji wa Dar es Salaam au Kampala aliyekuwa bado na Lumia yake, simu ya Windows ya Nokia, nzima isiyo na ufa, tarehe iliyouma ilikuwa nyingine: tarehe 31 Desemba 2019, siku ambayo WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Windows Phone. Simu haikuharibika, iliondolewa kwenye maisha ya watu na kampuni ya tatu kabisa, Facebook, iliyoinunua WhatsApp mwaka 2014 na ambayo haikuwa na sababu ya kuendelea kumlipa mhandisi kwa ajili ya soko lililokwisha. Mwaka huo huo wa 2019 Bill Gates alikiri hadharani kwamba kuiachia Google nafasi ya Android lilikuwa kosa kubwa kuliko yote aliyoyafanya kama kiongozi, na akalikadiria kuwa na thamani ya dola bilioni 400. Kadirio hilo ni la kwake na siwezi kulipigia hesabu, lakini maelezo aliyoyatoa yanastahili kuzingatiwa: alisema katika soko la mifumo ya simu, kwa vifaa visivyo vya Apple, palikuwa na nafasi moja tu.

Mtu asidhani hata hivyo kwamba Microsoft ilitoka mikono mitupu, na hapa ndipo mstari kati ya adui na mshirika unapofutika. Kuanzia mwaka 2010 Microsoft iliwaendea watengenezaji wa simu za Android mmoja mmoja ikidai kwamba simu zao zinatumia hataza zake, yaani haki za uvumbuzi zilizosajiliwa. HTC ilisaini mwaka huo, Samsung mwaka 2011, na kesi iliyofunguliwa mwaka 2014 ilifichua kwamba Samsung iliilipa Microsoft zaidi ya dola bilioni 1 ya mrabaha kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo kwa muda fulani kila simu ya Android iliyouzwa iliiumiza Microsoft kwa mkono mmoja na kuilisha kwa mwingine. Hataza zikawa silaha ya kila mtu: mwaka 2011 kundi lililojumuisha Apple, Microsoft na wengine lilinunua hataza za Nortel, kampuni ya mawasiliano ya Kanada iliyofilisika, kwa dola bilioni 4.5, Google ikiwa imeshindwa mnadani, na wiki chache baadaye Google ikatangaza kuinunua Motorola Mobility kwa dola bilioni 12.5, kisha mwaka 2014 ikakubali kuiuzia Lenovo kwa takriban dola bilioni 2.9 huku ikibakiza hataza nyingi. Ni gharama kubwa sana kwa bunduki za kutundika ukutani.

Nadella, aliyeshika uongozi Februari 2014, alisoma alama za nyakati. Mwezi uliofuata tu Office ilitua kwenye iPad, na mwaka 2020 Microsoft ilitoa simu yake yenyewe, Surface Duo, inayotumia Android. Kampuni iliyokuwa mwenye nyumba ilikubali kuwa mpangaji, na imefanikiwa sana katika upangaji huo, kwa sababu kodi yake inaikusanya kwenye mawingu, yaani kompyuta zinazokodishwa kupitia mtandao, na kwenye ofisi za makampuni ambako nafasi bado ni yake. Wapinzani walioitazama Teams, programu yake ya mikutano na ujumbe, ikija pamoja na Office wana maoni yao kuhusu kama Microsoft imeacha tabia za zamani.

Kwa upande wa Apple, tukio la Septemba 2012 linaonyesha nguvu ya kuwa na mlango wako mwenyewe kuliko hoja yoyote ya nadharia. Apple iliiondoa ramani ya Google iliyokuwa ikija na iPhone na kuweka yake, ambayo ilikuwa mbaya kwa namna ya kuaibisha. Madaraja yalionekana yameyeyuka na miji ikakaa pasipo pake. Tim Cook, mkuu wa Apple wakati huo, aliomba radhi na kuwashauri watumiaji, kwa muda, watumie ramani za washindani. Desemba mwaka huo Google Maps ikarudi kwenye duka la programu la Apple kama programu ya kupakuliwa. Katika soko linaloamuliwa na ubora peke yake, ramani ya Apple ingekufa mwaka huo. Haikufa. Iliendelea kuwa ndiyo inayofunguka mtu anapogusa anwani kwenye ujumbe, ikapata muda wa miaka kujirekebisha, na leo ni ramani ya kuheshimika. Hakuna kampuni changa duniani ambayo ingesamehewa kosa kama lile.

Ipo hoja ya upande wa pili, na si dhaifu. Windows huja na kivinjari cha Edge, na Edge huja na Bing, lakini mwaka 2021 wakili wa Google aliiambia mahakama ya Umoja wa Ulaya kwamba neno linalotafutwa zaidi kwenye Bing ni "google". Watu wanajua wanachokitaka, ndiyo maana ya hoja hiyo, na watakifuata popote. Nakubali sehemu yake: kwenye kompyuta, ambako mtu amekaa, ana kibodi na muda, nafasi ya kwanza hupenyeka, na Chrome, kivinjari cha Google, iliishinda Internet Explorer ndani ya nyumba ya Microsoft yenyewe. Lakini hukumu ya Jaji Amit Mehta katika kesi ile ya Washington ina takwimu inayoipunguza makali: kwa wanaobaki na Edge, takriban asilimia 80 ya utafutaji hufanyika kwenye Bing, mtambo ambao mahali pengine huambulia makombo. Wanaoondoka ni wengi, lakini wanaobaki hukubali karibu kila walichopangiwa. Kwenye simu, yenye kioo kidogo, bando linalohesabiwa na nafasi ya kuhifadhia inayojaa kwa picha za harusi mbili, wanaoondoka ni wachache zaidi.

Sheria imefanya nini? Julai 2018 Tume ya Ulaya iliipiga Google faini ya euro bilioni 4.34 kwa mikataba ya Android, faini ambayo mahakama iliipunguza kidogo hadi euro bilioni 4.125 mwaka 2022. Google ikalazimika kutenganisha leseni zake na baadaye kuwaonyesha wanunuzi wa Ulaya skrini ya kuchagua mtambo wa kutafutia. Agosti 2024 Jaji Mehta aliamua kwamba Google ilivunja sheria kulinda ukiritimba wake wa utafutaji, na moja ya takwimu zilizombeba ni kwamba karibu nusu ya utafutaji wote wa Marekani hupitia milango iliyofungwa na mikataba hiyo, iliyoigharimu Google dola bilioni 26.3 mwaka 2021. Septemba 2025 akatoa adhabu: mikataba ya kumfungia mtu nje ipigwe marufuku, sehemu ya data igawiwe washindani, lakini Chrome isiuzwe, na malipo ya kuwekwa mbele yaendelee kuruhusiwa. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayonisumbua. Jaji aliogopa, na hofu yake ina mantiki, kwamba kuyakata malipo kungewaumiza Apple, Samsung na Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, kuliko Google. Lakini mwenye mfuko mkubwa kuliko wote akiruhusiwa kuendelea kununua nafasi, hata bila kumfungia mwingine nje kwa maandishi, sioni mshindani mchanga atapandia wapi.

Ukanda wetu haumo katika hukumu hizo. Skrini ya kuchagua ilikuwa ya simu zinazouzwa Ulaya. Tecno, Infinix au itel inayofunguliwa Kariakoo haikuwa na skrini hiyo. Hata hivyo simu hizo, zote za kampuni moja ya Transsion ya Shenzhen, zina funzo lake. Boomplay, huduma ya muziki ambayo Transsion ina hisa ndani yake, ilikua Afrika kwa kuja tayari ndani ya simu za Tecno kuanzia mwaka 2015. Spotify ilipofika Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2021, ikiwa kubwa kuliko zote duniani, ilimkuta kijana wa Mwanza ameshakuwa na akaunti na orodha zake za Bongo Fleva kwingine. Google inashika rafu yake kwenye simu hizo, na mtengenezaji anashika yake, na zote mbili zimepangwa kabla mnunuzi hajalipa.

Ipo huduma moja ya simu ambayo wakubwa wa California walishindwa kuishika huku, nayo inathibitisha hoja badala ya kuivunja. M-Pesa ilizinduliwa na Safaricom Machi 2007, karibu miezi minne kabla ya iPhone kuingia madukani, na haikupitia duka la programu la mtu yeyote. Ilikaa ndani ya laini. Tanzania mtu hubonyeza *150*00# kwenye kitochi na anahudumiwa, wala hakuna kamisheni ya duka la programu ya kulipwa Apple au Google. Lakini laini nayo ni mlango, na mwenye mlango alikuwa kampuni ya simu. Mwaka 2014 Equity Bank ya Kenya ilipotaka kuwapa wateja wake laini nyembamba ya kubandikwa juu ya laini ya Safaricom, Safaricom ilipinga kwa hoja za usalama wa fedha za wateja, hoja inayofanana kwa mshangao na zile ambazo Apple huzitoa mtu akitaka kuweka duka jingine kwenye iPhone. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliruhusu laini hiyo kwa majaribio. Tanzania ilipita njia nyingine: mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana wateja wao watumiane fedha moja kwa moja, na Vodacom, iliyokuwa na wateja wengi kuliko wote na hivyo sababu ndogo kuliko wote ya kukubali, ikajiunga mwaka 2016. Kwa miaka miwili aliyekosekana mezani alikuwa yule mwenye mlango mpana zaidi, na hilo halikuwa la bahati mbaya.

Mapambano yanayofuata yameshaanza, na ni ya wasaidizi wa akili bandia. Amri ya Jaji Mehta ya 2025 iliitaja Gemini, msaidizi wa Google, kwa jina pamoja na mtambo wa kutafutia, kwa sababu aliona kwamba mikataba ile ile inaweza kuandikwa upya kwa bidhaa mpya. Amri yake inaishia kwenye mipaka ya Marekani. Tume ya Ushindani ya Tanzania na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya zimekuwa zikichunguza miunganiko ya kampuni, bei na upangaji wa masoko kwa bidhaa zinazoonekana, saruji na vinywaji, na zina uwezo wa kisheria wa kuomba nyaraka kutoka kwa anayeuza bidhaa katika nchi zao. Simu huingia kwa makontena kupitia Dar es Salaam na Mombasa, waingizaji wake wanajulikana, na programu zilizomo ndani yake zinaweza kuorodheshwa na fundi yeyote kwa nusu saa. Swali la kuanzia si gumu kuliandika kwenye barua: nani alilipa, au alisamehe nini, ili msaidizi huyu na si mwingine awe ndiye anayejibu mtu anapobonyeza kitufe cha pembeni, na je, mkataba huo unamruhusu muuzaji kuweka mwingine. Barua hiyo ina maana ikiandikwa sasa, wakati watu bado hawajazoea kumuuliza msaidizi yeyote.